Caddo Lake: miberoshi iliyosimama mahali isipoweza kuota

Mgeni anayeingia kwa mtumbwi katika vichochoro vya maji vya Caddo Lake, ziwa la kinamasi lililo mpakani mwa majimbo ya Texas na Louisiana nchini Marekani, aghalabu huondoka akiamini kwamba amepita mahali ambapo binadamu hajawahi kutia mkono. Miti mirefu imesimama ndani ya maji yenye rangi ya chai ya mkandaa, mimea ya kijivu inaning'inia kutoka matawini karibu iguse maji, na kila kona inafungua kona nyingine inayofanana nayo. Imani hiyo inaeleweka, na picha za kalenda na matangazo ya utalii huizidisha. Hata hivyo historia ya ziwa lenyewe inaeleza jambo jingine kabisa: maji yake yamepanda kwa ajali, yakashushwa kwa baruti, kisha yakapandishwa tena kwa ukuta, na kila badiliko limeacha alama katika miti ambayo mgeni anaipiga picha.

Njia nyepesi ya kuyafumbua mambo haya ni kuuliza swali ambalo wageni wachache huliuliza, nalo ni hili: miti hii iliotaje hapa? Mbegu ya mberoshi wa kinamasi haichipui ikiwa imezama. Inaweza kukaa majini kwa muda mrefu, hata zaidi ya miaka miwili, bila kufa, lakini ili ichipue ni lazima itue juu ya tope lililo wazi na lenye unyevu, na mche unaotoka lazima urefuke upesi kiasi cha kuweza kutoa kichwa nje ya mafuriko yanayofuata, kwa kuwa mche uliofunikwa kabisa kwa wiki kadhaa wakati wa ukuaji hufa. Mti ukishakuwa mkubwa, kwa upande wake, unaweza kusimama majini maisha yake yote, na maisha hayo si mafupi: katika Black River huko North Carolina watafiti walitangaza mwaka 2019 kwamba mberoshi mmoja wa aina hii una umri usiopungua miaka 2,624. Basi kila mberoshi unaouona katikati ya Caddo Lake ni ushahidi kwamba mahali hapo palikuwa tope tupu, kwa misimu kadhaa mfululizo, katika kipindi fulani kilichopita. Kinachobaki ni kujua kipindi hicho kilikuwa lini.

Ziwa lilizaliwa kutokana na masaibu ya mto mwingine. Red River, upitao upande wa mashariki, ulikuwa kwa karne nyingi umezibwa na magogo: miti iliyong'olewa na mafuriko kingoni ilisongamana, ikashikamana kwa tope na mizizi, na juu ya mrundikano huo ikaota miti mingine hai. Kizuizi hicho, kilichojulikana kama Great Raft, hakikutulia mahali pamoja. Sehemu yake ya chini ilioza na kusambaratika huku sehemu ya juu ikiongezewa magogo mapya, hivyo kikawa kinaupanda mto polepole mwaka hadi mwaka. Kila kilipofika kwenye mdomo wa kijito, maji ya kijito hicho yalikosa pa kutokea, yakarudi nyuma na kutanda bondeni. Bonde la Big Cypress Bayou (bayou ni mto wa kinamasi unaotiririka polepole) lilifurika kwa namna hiyo, pengine kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, na ndilo linaloitwa leo Caddo Lake. Masimulizi yanayonasibishwa na Wacaddo, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, yanataja tetemeko la ardhi, na wapo wanaoyahusisha na matetemeko makubwa ya New Madrid ya mwaka 1811 na 1812, ingawa maelezo ya magogo ndiyo yenye ushahidi zaidi. Wacaddo wenyewe hawakuachwa walifaidi ziwa hilo. Kwa mkataba wa mwaka 1835 waliiachia serikali ya Marekani ardhi yao ya upande wa Louisiana, na mwaka 1859 waliokuwa Texas wakahamishiwa eneo ambalo sasa ni Oklahoma, ambako taifa lao lina makao hadi leo.

Maji yaliyorudi nyuma yaliwafaa wafanyabiashara. Meli za mvuke zilitoka New Orleans, zikapita Shreveport, zikalikata ziwa na kupanda Big Cypress Bayou hadi mji wa Jefferson, ambao katika kilele chake ulikuwa bandari ya pili ya Texas baada ya Galveston. Kwamba meli zilipita haina maana kwamba kina kilikuwa kikubwa. Usiku mmoja wa Februari 1869 meli iliyoitwa Mittie Stephens ilishika moto ziwani baada ya cheche za mwenge wa omo kuangukia shehena ya nyasi kavu. Nahodha aliielekeza ufuoni, ikakwama kabla ya kufika, na watu wapatao 60 wakafa mahali ambapo ardhi ilikuwa karibu sana, wengi wao wakivutwa na magurudumu ya meli yaliyokuwa bado yanazunguka.

Mwaka 1873 mambo yaligeuka. Wahandisi wa jeshi waliokuwa wakikivunja kizuizi cha Red River kwa misumeno, kamba na baruti ya naitrogliserini walifanikiwa kuufungua mto moja kwa moja. Aliyeongoza kazi hiyo, Luteni Eugene Woodruff, hakuuona mwisho wake, kwani alifariki kwa homa ya manjano mjini Shreveport mwaka huohuo, na ndugu yake George ndiye aliyeikamilisha. Kwa wakulima na wasafirishaji wa Red River ulikuwa ushindi. Kwa Jefferson ulikuwa msiba, maana maji ya Caddo yalipata pa kutokea, ziwa likapungua, na meli zikaacha kuja. Lakini kwa miberoshi ulikuwa mwanzo. Kwa takriban miaka 40 maeneo makubwa yaliyokuwa yamefunikwa yalibaki tope na vidimbwi katika miezi ya kiangazi, na mbegu zilizokuwa zikielea bila faida zikapata mahali pa kutua. Ndiyo sababu si ajabu kukuta katika maeneo ya wazi ya ziwa kundi zima la miti yenye unene unaokaribiana: ni rika moja. Miti iliyo mikongwe zaidi huelekea kuwa kandokando ya mkondo wa zamani wa bayou, ambako iliota kabla ziwa halijakuwapo.

Mlango huo ulifungwa mwaka 1914. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa katika eneo hilo, na mwaka 1911 kampuni ya mafuta ya Gulf ilichimba kisima katikati ya maji upande wa Louisiana, juu ya jukwaa lililoegemea nguzo za miberoshi zilizopigiliwa kwenye sakafu ya ziwa. Kisima hicho huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza duniani kuchimbwa majini. Bwawa likajengwa karibu na Mooringsport, maji yakapanda tena, na mwaka 1971 ukuta mpya ukachukua nafasi ya ule wa awali. Tangu hapo ziwa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100 hivi na kina cha wastani cha mita 2 hadi 3, limekaa karibu katika usawa mmoja. Kwa mwenye boti hilo ni jambo jema. Kwa mbegu ya mberoshi ni miaka zaidi ya 100 ya kungoja.

Mti wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, na mtumbwi ndio chombo pekee kinachomfikisha mtu karibu kiasi hicho. Mberoshi wa kinamasi ni wa familia moja na misaiprasi inayopandwa katika mashamba ya misitu ya Kenya na Tanzania, ila una tabia ambayo jamaa zake hao hawana: hupukutisha majani yote kila mwaka. Mwezi wa Novemba majani yake membamba hugeuka kutoka kijani kwenda rangi ya shaba na kutu, kisha huanguka pamoja na vitawi vilivyoyabeba, na uso wa maji hufunikwa na zulia jepesi linalosogea taratibu kila kafi linapoingia. Shina hutanuka sana kuelekea chini, na juu ya utanuzi huo huonekana mstari wa kiwango cha maji, ambapo gome lenye ukungu wa kijani hukutana na gome kavu la kijivu. Mstari huo ni wa manufaa kwa mgeni: ukiulinganisha na maji ya siku hiyo utajua mara moja kama ziwa limejaa au limepungua.

Kuzunguka shina hutokeza vile ambavyo wenyeji huviita magoti, yaani vichwa vya mizizi vinavyopanda wima kutoka chini, vingine vikiwa vifupi kuliko kiganja na vingine vikimpita mtu mzima magotini na hata kiunoni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka mara moja vijiti vya mizizi vinavyouzunguka mchu katika misitu ya mikoko, na hapo inafaa kuwa mwangalifu. Vijiti vya mchu vinajulikana kuwa viungo vya kupitishia hewa. Magoti ya mberoshi yalidhaniwa kufanya kazi hiyohiyo kwa zaidi ya karne moja, lakini miti iliyokatwa magoti imeendelea kuishi bila dalili ya kukosa pumzi, na wanasayansi bado wanabishana kama yanasaidia hewa, uimara wa mti katika tope laini, au vyote viwili. Binafsi naona hoja ya uimara ina nguvu, hasa kwa anayekumbuka kwamba miti hii husimama hata vimbunga vikiwa vimeing'oa mingine.

Kuhusu ule mmea wa kijivu unaoning'inia, jina lake la kitaalamu ni tilandsia, na wengi humdhania kuwa kupe wa mti. Sivyo. Ni wa familia ya nanasi, haunyonyi chochote kutoka kwa mberoshi, na unajipatia maji na madini kutoka hewani na katika mvua. Unautumia mti kama mahali pa kukaa tu.

Sasa tuingie majini. Hifadhi ya jimbo iitwayo Caddo Lake State Park iko karibu na kijiji cha Karnack upande wa Texas, mahali alipozaliwa mwaka 1912 Lady Bird Johnson, mke wa Rais Lyndon Johnson. Vibanda vyake vya kulala na njia za miguu ni kazi ya vijana wa mpango wa ajira wa serikali, walioijenga hifadhi hiyo kati ya mwaka 1933 na 1937 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kwa Waswahili wanaoishi Dallas au Fort Worth, ambako kuna jamii kubwa ya Wakongo, ni mwendo wa gari wa saa tatu hivi. Mitumbwi hukodishwa, na anayeanza ni vyema aanzie Saw Mill Pond, kidimbwi kilicho ndani ya hifadhi, chenye maji yaliyotulia na miberoshi iliyosongamana, kabla hajatoka kwenda Big Cypress Bayou, ambako boti za injini hupita.

Anayeketi tezi ndiye anayeelekeza mtumbwi, na anayeketi omo huongeza nguvu na kutazama mbele kuona magoti yaliyozama sentimita chache chini ya maji. Haya ndiyo yanayopindua watu, wala si mawimbi. Boti ya injini ikikaribia, geuza omo kuelekea wimbi lake badala ya kulipokea ubavuni. Sheria ya Texas inataka kila aliyemo awe na jaketi la kuokolea, na mtoto wa chini ya miaka 13 ni lazima alivae chombo kinapokuwa njiani. Maji hayana kina cha kutisha, lakini sakafu ni tope zito lisilokanyagika, na kumrudisha mtu mtumbwini penye tope si kazi ndogo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kupotea. Vichochoro vinafanana, jua halionekani vizuri chini ya matawi, na mawasiliano ya simu hayategemeki. Jimbo limeweka katika ziwa vibao vyenye namba vinavyoonyesha njia za boti, na zipo pia njia zilizowekewa alama kwa ajili ya mitumbwi. Ramani ya karatasi yenye namba hizo ni ya lazima, na ni busara kuanza kurudi mapema alasiri, kwani katika kinamasi giza huingia kabla ya jua kutua kwingine. Mamba wapo, wa ile aina ya Marekani yenye pua pana, ambayo kwa hulka si wakali kama mamba wa mito yetu ya Rufiji na Mara. Waache na watakuacha. Viboko hakuna. Nyoka wa majini mwenye sumu, ambaye hufumbua kinywa cheupe anapotishwa, hupenda kujianika juu ya magogo, kwa hiyo usitie mkono mahali usipopaona. Majira yanayofaa zaidi ni masika yao, Machi hadi Mei, na wiki za mwisho wa Oktoba na Novemba, miti inapobadilika rangi. Julai na Agosti ni joto na mbu.

Ukishapiga kafi mbali kidogo utakutana na adui ambaye msomaji wa Naivasha hahitaji kutambulishwa kwake. Ni gugu maji liitwalo salvinia, asili yake kusini mwa Brazili, lililoonekana Caddo mara ya kwanza mwaka 2006. Chukua jani moja ulitazame: upande wake wa juu una vinywele vidogo vilivyogawanyika na kuungana tena nchani, vikinasa hewa, hata ukilizamisha jani hilo kwa kidole hurudi juu likiwa kavu. Katika joto linalofaa, gugu hili huweza kuongezeka maradufu kwa wiki moja au pungufu. Likitanda hufunga mwanga na hewa, samaki wa chini hukosa pumzi, na mtumbwi haupiti. Naivasha ililijua gugu hili tangu miaka ya 1960, na lilipungua baada ya kuletwa mbawakavu wadogo wanaokula hilo peke yake, mkakati unaofanana na ule uliotumika dhidi ya gugu maji la maua ya zambarau katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1990, ingawa wadudu wa huko ni wa aina nyingine.

Caddo nao wametumia mbawakavu haohao wa salvinia, na wenyeji wamejenga nyumba maalumu ya kuwafugia. Tatizo lao ni moja ambalo Naivasha haina, nalo ni baridi. Mdudu huyu ni wa nchi za joto. Majira ya baridi makali, mfano ile dhoruba ya Februari 2021, hupunguza gugu kwa kweli, lakini hupunguza pia jeshi linalolipiga, na joto linaporudi gugu huamka mapema kuliko adui yake. Kwa hiyo kila mwaka inabidi wadudu wafugwe na kuachiliwa upya, na wakati mwingine dawa hunyunyiziwa. Mgeni naye anahusika moja kwa moja: sheria ya Texas inakataza kusafirisha gugu hilo na inamtaka mwenye chombo amwage maji yote kabla ya kuondoka, maana kipande kidogo kilichonasa chini ya kiti cha mtumbwi chatosha kulihamishia ziwa jingine.

Suala la mtiririko ndilo gumu zaidi, na ndilo linaloturudisha kwenye mbegu. Juu ya Big Cypress Bayou limejengwa bwawa jingine, Lake O' the Pines, lililokamilika mwaka 1959 kwa ajili ya kuzuia mafuriko na kutoa maji mijini. Bwawa hilo liliyapunguza makali ya mafuriko ya masika na kuyasambaza maji kwa mwaka mzima. Samaki wa kale mwenye pua ndefu bapa iliyo na umbo la kafi, ambaye hutegemea maji yanayokuja kwa nguvu ili ajue wakati wa kutaga, alitoweka. Tangu miaka ya 2000 wahandisi wa jeshi wanaoliendesha bwawa, wanasayansi na wakazi wamekuwa wakikubaliana juu ya namna ya kuachilia maji kwa kufuata mwenendo wa mto wa zamani, na mwaka 2014 makinda ya samaki huyo yenye vifaa vya redio yalirudishwa ili ionekane kama yatabaki. Hiyo ni sehemu iliyowezekana kurekebishwa, kwa sababu Lake O' the Pines ina milango inayofunguliwa na kufungwa.

Ukuta wa Caddo hauna milango ya namna hiyo. Maji yakizidi hupita juu yake, yakipungua hukaa nyuma yake, na hakuna anayeweza kuyashusha kwa makusudi ili tope lionekane. Mtiririko bora kutoka juu unaweza kuwafaa samaki na miti ya kandokando ya bayou, ambako mafuriko huja na kuondoka, lakini hauwezi kuianika sakafu ya ziwa. Hilo huachiwa ukame. Mwaka 2011, Texas ilipokumbwa na ukame mkali, maji ya Caddo yalishuka, magati ya watu yakabaki juu ya matope, waongozaji wa watalii wakakosa njia, na malalamiko hayakuwa machache. Mche wa mberoshi, hata hivyo, unahitaji zaidi ya kiangazi kimoja cha namna hiyo, kwa kuwa ulioota Julai bado ni mfupi mno maji yanaporudi mwaka unaofuata. Mapendekezo ya kuuweka ukuta wenye milango yangegusa wamiliki wa nyumba, wavuvi, waongozaji watalii na majimbo mawili kwa pamoja, na kila mmoja wao ana sababu halali ya kupenda maji yabaki yalipo.